Papa, tumefagia kiwanja ya polisi

Papa,

Amuka kidogo. Najua ulichoka, na ulituambia ukisha kufa tusikuletee tena maneno ya muji, lakini hii habari imenijaa mupaka ku koo. Nikieleza Mama Dorika, weye humujui, nitakueleza, anasema, "Anje, na miye nilikuwa pale, unanieleza nini?" Nikieleza kuku, kuku inakimbia. Basi nakueleza weye, huwezi kukimbia.

Usicheke maandishi. Naandika na mukono ya kushoto, ya kuume imefungwa kitambaa. Nitafika pale. Mwisho ya habari sitakupatia mbele, juu weye mwenyewe ulitukataza. Mutu akianza hadithi katikati ulikuwa unamurudisha: "Njia haianzii ku shimo. Anzia kule juu, pale maji inatokea." Haya, naanzia kule juu.

Tulikuzika mbio mbio. Masasi ilikuwa inalia upande wa soko. Katekista alisoma mustari moja, akaangalia njia, akasoma ingine, akasema Amina. Kila mutu alirudi kwake. Hakuna aliyelala kwetu, hakuna aliyeleta kuni, hakuna aliyepika bugali ya watu wengi. Matanga yako haikukuwa, Papa. Na kufagia haikukuwa.

Unakumbuka namna watu wa Mama wanafagiaka matanga, weye ulikuwa unawacheka. Siku ya mwisho mujane anashika mufagio, anaanzia ku mulango ya nyumba, anakuja anasukuma mavumbi mbele yake mupaka ku njia, na wanawake nyuma yake. Watu wote wanatoka mu kiwanja mbele yake, wanainua miguu, juu ile mavumbi ikikugusa, wanasema, weye njo utamufuata marehemu. Ikisha kufika ku njia, kilio imekwisha. Mujane anavua nguo nyeusi, watu wanakula, wanacheka. Siku zingine zote hata mutoto anajua: kiwanja inafagiwa kwa kuzunguka, uchafu inapelekwa nyuma ya jikoni. Kutokea mulango kwenda njia ni ya kifo peke yake. "Kwetu ng'ambo ya ziwa tunalia, tunakula, tunaenda kulima," ulikuwa unasema, na Mama anakutupia kitambaa ya sahani.

Basi Mama alibaki mu nguo nyeusi. Kila nikimwambia, fagia basi, anajibu, "Na watu gani, Anje? Bila watu si matanga, ni kufagia tu."

Na ile shimo mbele ya mulango yetu, ile ulisema utaijaza ukipona, imekuwa kubwa. Mvua iliichimba. Bata za jirani zinaogelea ndani.

Mama Dorika humujui. Alitoka upande wa Djugu na watoto wake, nyumba yao na shamba ilichomwa, tukamupatia kile chumba ulikuwa unaweka vyombo ya kazi. Niliogopa roho yako itakasirika. Kisha nilimukuta anapangusa beleshi yako na mafuta, anaiongelesha pole pole sawa mutu anaongelesha ng'ombe, nikajua mutapatana. Huko inje kabila yake na kabila ya Mama wanauana. Hapa ndani wanagombana juu ya chumvi.

Sasa sikia. Wale askari wa ng'ambo walivuka ziwa, wakarudi kwao. Wenye kushika muji leo, usiniulize majina yao, wanabadilika mbele sijajifunza kuwasalimia, wakasema: wageni wote wawafuate. Polisi yao ikaanza kupita nyumba kwa nyumba. Walipofika kwetu Saio, Zozefu alikuwa inje, anabandika mupira ya velo, baiskeli ya mutu. Wakamuuliza, "Baba yako alizaliwa wapi?"

Papa, ndugu yangu ana kichwa yako. Angalisema Bunia, wangalipita. Yeye akasimama, akapangusa mikono ku suruali, akasema, "Ng'ambo ya ziwa. Na hii njia mumesimama juu yake, yeye njo aliilima." Mumoja akacheka. Mwingine akamufunga mikono na ile ile mupira ya velo. Wakamutupa mu kamiyo pamoja na wana wa wavuvi na wana wa wenzako wa zamani, na yule muuza viatu wa ku pembe, mutu ambaye hata ziwa hajaliona.

Kila siku Mama alipeleka sahani ya sombe na samaki ku mulango ya polisi. Kila siku sahani inarudi safi. "Anakula vizuri," akasema mara ya kwanza, na furaha. Kesho yake alikuta askari anapangusa sombe ku ndevu. Kula walikula, jibu hawakutoa. Iko muzima? Hawasemi. Watu wengine walisema wageni watapelekwa Kasenyi wapandishwe mutumbwi. Wengine walisema zile kamiyo hazifikaka Kasenyi. Hii ya pili Mama aliisikia ku soko, akarudi nyumbani bila mboga, akakaa ku kiti yako mupaka jua ikaanguka.

Miye niliingia mu chumba ya vyombo, nikasimama tu mbele ya mufagio yako ya njia, ile ya mupini mrefu. Njo hadithi yako ikanijia yote, na sauti yako ndani yake.

Kila siku ya Mungu, kisha misa, ulikuwa unafungua shati kidogo, unatuonyesha ule mufupa ya bega ulioungana vibaya. "Hii ni medali," ulikuwa unasema. "Wenzangu walipewa ya chuma."

Zamani za Bula Matari, serikali ya wazungu, mbele ya uhuru, kazi ya njia hapa Bunia ilikuwa yenu watu wa ng'ambo na watu wa Mahagi. Wenyeji wakawatania: "Mugeni siku mbili, siku ya tatu mupe jembe." Ukawajibu, "Miye walinipa jembe siku ya kwanza, na beleshi juu yake." Maneno ya uhuru ilipopanda mupaka huku, nanyi mukaenda kuisikiliza ku mikutano. Muzungu mukubwa akakasirika. Akatangaza: watu wa ng'ambo, uhuru si maneno yenu, atakayekutwa ku mukutano anarudishwa ku ziwa. Akafunga wenzako mu kasho. Hata wenyeji walikuuliza, "Weye, uhuru ya nchi ya watu inakuhusu nini?" Na weye ukatoa ile jibu Mama anapendaka kurudilia: "Uhuru itakuja na motokari. Motokari itapita ku njia. Njia nani alilima?"

Njo mukajipanga musitari moja, kutoka mufereji ya huku mupaka mufereji ya kule, kila mutu na mufagio ao beleshi, mukaanza kufagia kuelekea biro ya muzungu. Polisi wanatazama. Wanaona watu wa kazi wako ku kazi. Nani anakamata mutu juu anafanya kazi? Weye unaita, "Nani alilima hii njia?" Wote wanajibu, "Siye!" Mufagio inakwenda. "Nani alilima hii njia?" "Siye!" Mulifagia mupaka chini ya bendera yenyewe. Pale njo waliwaelewa, na walipowaelewa hawakuhurumia. Weye walikuvunja bega, wakakutupa mu kasho. Rafiki yako wa Mahagi alianguka na mufagio mukononi, hakuinuka tena. Kila ukifika pale ulikuwa unafunga vifungo ya shati na kuomba maji ya kunywa.

Walikufungua mu kasho uhuru ikiwa mulangoni. Na siku ya sherehe, wenzako wakicheza ngoma, weye ulikuwa unajaza mashimo, gari ya wakubwa wapya isikwame. Mama alikukuta pale na vumbi mupaka ku kope. "Nikasema huyu mugeni ana wazimu," Mama anasemaka. Kisha alikuletea maji.

Sasa, Papa, shika kitu, juu hapa njo inaanza!

Siku iliyofuata polisi alipita mu Saio na ile chombo ya kupaza sauti: "Kesho asubuhi salongo! Kazi ya wote! Kila nyumba inje na mufagio! Atakayebaki ndani atakiona!" Nilikuwa nachagua maharagi. Sahani ilianguka. Salongo! Wao wenyewe wanatuamuru tushike mifagio, wao wenyewe wanatutuma ku njia!

Niliingia mu nyumba nikipiga makelele. Mama akaniuliza kama nimelewa. Mama Dorika alielewa mbele nimalize, akafunga kikwembe yake vizuri, akaenda kupiga hodi kila nyumba ilichukuliwa mutu, kisha zile ambazo hazikuchukuliwa mutu. Wanawake walijaa mu kiwanja yetu. Niliwafundisha kama ulivyonifundisha: anzia juu, pale maji inatokea, sukuma kwenda inje, usirudi nyuma, usiruke mwenzako. "Eh, Anje," wakasema, "hii ni salongo ao ni jeshi?" Mama alikuwa amesimama ku mulango. Nilidhani atakataa. Alisema tu, "Asiyeshika mufagio na mikono yote mbili atatuchelewesha." Kisha akachukua mufagio yako, ile ya mupini mrefu, hakuuliza mutu.

Asubuhi, Papa! Ungalituona! Tulijaza njia kutoka mufereji mupaka mufereji. Mavumbi ilipanda mupaka hatuoni nyumba. Niliogopa, na miguu ilitaka kucheza. Niliita pole pole, "Nani alilima hii njia?" na wanawake wakajibu pole pole, "Siye," sawa watu wanaoimba wimbo ya kazi.

Ku bariere kaporali akatutokea, kijana mwembamba, bunduki inamuvuta bega. "Nani aliwatuma?" Mama Dorika akajibu, "Komanda!" Na hakudanganya, si komanda njo alitangaza salongo? Lakini kaporali akasikia kwamba tunaenda kumufagilia komanda wake. Uso wake ilibadilika. Akainua mwenyewe ile muti ya bariere, akasimamisha pikipiki, akatangulia mbele yetu anapunga mikono: "Pisheni! Pisheni wamama wa salongo!" Papa, polisi alitutangulia mu maandamano! Niliuma kitambaa yangu ya kichwa juu nisicheke.

Ku pembe ya soko Mama Dorika akaona mufereji umejaa takataka. Akasimama. Wote wakasimama.

"Hii maji itaingia mu nyumba za watu," akasema.

"Dorika, tuko na kazi."

"Na hii si kazi?"

Akashuka ndani na beleshi yako. Wote tulingojea, na kaporali vilevile, mikono ku kiuno, anatoa mashauri. Ndugu yangu iko mu kasho, sijui iko muzima ao amekufa, na siye tunatoa matope! Nilitaka kulia na hasira. Lakini najua, ungalikuwa pale ungaliingia mu ile mufereji mbele yake.

Tulifika. Kiwanja ya polisi unaijua kuliko miye: geti iko chini ku njia, na kiwanja inapanda mupaka kule mwisho, kasho ile ile ya matofali nyekundu. Kaporali akasema, "Anzieni hapa ku geti." Mama akamupita. Akapanda moja kwa moja mupaka ku mulango ya kasho, na siye nyuma yake, tukajipanga, mugongo ku matofali. Hakuna aliyemwambia. Kisha, nyumbani, nilimuuliza, akashangaa: "Maji inatokea wapi mu ile kiwanja, Anje? Si kule juu? Papa yako alinifundisha nini miaka yote?"

Nilifungua kinywa. Sauti ilitoka sawa ya kuku. "Nani alilima hii njia?"

"Siye!"

Nikaita tena, na nguvu. "Nani alilima hii njia?"

"Siye!"

Na kutoka nyuma ya mugongo yetu, mu ile dirisha ndogo ya vyuma, sauti ya wanaume, nzito, imekauka: "Siye!" Nikaita tena, wakajibu tena, na wote walipokwisha kunyamaza, sauti moja peke yake ikaja nyuma: "...siye!" Nani mu hii muji anachelewaka kuitikia, hata ku misa, hata ku Amina?

Mama alishika ukuta. "Ni yeye," akasema. "Anachelewa. Ni yeye!"

Iko muzima! Nilipiga vigelegele mupaka koo ikaniuma, na wanawake wote wakapokea, na njo pale polisi walielewa. Walikuja na fimbo na mikanda. Wengine walipiga masasi juu. Mama Dorika alipigwa ku sikio, damu ikamwagika ku shingo. Miye niliinua mukono kufunika kichwa, fimbo ikaanguka juu ya kiganja, nikasikia kitu imelia ndani. Wanawake walianguka, wengine wakakimbilia geti. Niliogopa, Papa. Nilijikojolea kidogo, nakuambia weye peke yako. Niliwaza, njo hivi ilikuwa kwa rafiki yako.

Na Mama? Mama alikuwa sawa mutu ambaye haoni. Aliinama na nguo yake nyeusi, akaanza kufagia. Kutoka ku mulango ya kasho, mavumbi mbele yake, kushuka pole pole kuelekea geti, vile vile ulivyomufundisha. Wale walioanguka wakaamuka, wakamufuata nyuma. Walikuwa hawajui kufanya nini kingine.

Kaporali alikuwa ameinua fimbo juu ya kichwa yake. Njo akaona. Aliona mujane. Aliona mufagio. Aliona mavumbi inatoka mulangoni inakuja ku viatu yake, na wanawake nyuma. Fimbo ilibaki juu.

"Weee!" akalia. "Mama, acha! Anatufagia! Anatufagia matanga! Mama, tuko wazima! Tuko wazima!"

Akaruka nyuma. Na wale wengine, Papa, wale waliokuwa wanatupiga! Wote ni watoto wa hii nchi, kila mumoja alizaliwa na mama, kila mumoja aliinua miguu siku moja mavumbi ya babu yake ikipita. Waliangalia chini, wakaanza kurudi nyuma. Mumoja, kisha wawili, kisha wote, bunduki ku mugongo, wanainua buti zao juu juu, mupaka wakatoka inje ya geti yao wenyewe. Naapa hatukupanga vile. Siye tulikuwa tunafagia njia yako. Wao waliona kaburi yao.

Mama aliwasikia. Alisimama, akawaangalia, akaangalia nguo yake nyeusi, na niliona anaelewa. Angaliweza kuwaambia, hapana watoto yangu, hii ni salongo. Hakuwaambia. Aliinama tena, akasema bila kupaza sauti, "Kila mutu ana siku yake ya kufagiwa."

Komanda akafika na gari, akakuta polisi yake yote imesimama mu njia.

"Munafanya nini inje?"

Wakaangalia viatu yao.

"Nasema ingieni!"

"Komanda, mavumbi," kaporali akajibu.

Komanda akacheka sana, akawatukana polisi yake kwamba ni wanawake, akaita na Mungu. Akakuja ku geti na viatu yake ya kung'aa, akaweka moja ndani. Mavumbi ya Mama ilikuwa karibu, ukinyoosha mukono unaigusa. Nilikuwa naangalia ile kiatu tu. Ile kiatu ikarudi inje. Papa, niliiona na macho yangu ikirudi inje!

Akasema kutoka ku njia, "Mama, unataka nini?"

"Mutoto yangu. Na ya hawa wote."

"Ni wageni."

"Miye ni mwenyeji. Nyanya yangu alizikwa hapa mbele hii muji haijaitwa muji. Nakuambia ni wenyeji."

"Na nikikataa?"

"Nitamaliza kufagia," Mama akasema, na akainua mufagio.

Komanda aliangalia polisi yake. Hakuna hata mumoja aliyemwangalia. Akatupa funguo juu ya mavumbi, zikaanguka mbele ya miguu ya Mama Dorika, na yeye, na lile sikio linatoka damu, akaziokota na akasema asante, sababu alilelewa vizuri.

Walitoka wanafunga macho na jua. Zozefu alitoka wa mwisho, bila shaka. Miguu ilivimba, hawezi kuvaa viatu, midomo ilipasuka. Mama alimushika uso na mikono yote mbili na neno la kwanza alimwambia ni, "Ulikula?" Akajibu, "Sombe yako ilikuwa inanukia mupaka ndani, Mama. Kunukia tu." Tukacheka na kulia pamoja, sijui ipi ilianza.

Lakini Papa, wawili hawakuwa ndani. Muuza viatu, na mwana wa muvuvi mumoja. Muke wa muuza viatu alibaki anaangalia mulango ya kasho wazi, anangojea, mupaka tukamushika mukono. Hakuna aliyetuambia walipelekwa wapi. Hii sikuweza kuiruka, hata kama nina furaha.

Tulimurudisha Zozefu mu ile pusi-pusi yako ya kubebea mawe, anapiga kelele kila shimo, na wanawake wanamujibu, "Uliza baba yako!" Watu wote waliingia kwetu. Hakuna aliyeitwa. Mumoja alileta kuni, mwingine unga, mwingine samaki. Sufuria kubwa ilitoka. Kiwanja ilijaa mupaka kuku zilipanda ku paa. Mama alisimama ku mulango, akatazama hii yote, akasema, "Haya. Sasa kuna watu."

Akachukua mufagio yako. Akaanzia ku mulango. Wote walielewa, wakaanza kutoka mbele yake, wanainua miguu, wanacheka, wanasukumana. Zozefu alilia mu pusi-pusi, "Munitoe! Munitoe!" na kaka wa jirani akamusukuma mbio mupaka inje. Mama Dorika na miye tulimufuata Mama nyuma, miye nafagia na mukono ya kushoto. Alikuja pole pole mupaka ku njia yako. Pale alivua nguo nyeusi. Ndani alikuwa amevaa ile kikwembe ya manjano ulimununulia. Sijui aliivaa saa ngapi. Nafikiri aliivaa asubuhi, mbele hatujaenda.

Mavumbi yako hakuitupa, Papa. Aliisukuma yote mu ile shimo mbele ya mulango. Kisha akaomba beleshi, tukaleta udongo na mawe, na watu wote wakaikanyaga, hata Zozefu aliikanyaga na magurudumu ya pusi-pusi. Imejaa. Leo asubuhi bata zilikuja, zikazunguka, zikarudi kwao.

Basi nimefika chini, pale maji inaishia. Kipande yako ya njia nimeichukua miye, kutoka Saio mupaka ku bariere. Na salongo wanatangaza tena. Tutarudi kule ku kasho juu ya wale wawili, na tutaanzia ku mulango. Mukono ikipona, vizuri. Isipopona, umeona hii maandishi: ya kushoto nayo inajifunza.

Lala sasa, mugeni wetu. Umefagiwa. Na gari ikipita hapa mbele ya nyumba, hairuki tena.

Miye mutoto yako,
Anje